Kanzu Nyeupe, Buibui Jeusi

Mada: Anayejifunza kupiga picha aanze na ufundi wa kamera, mambo ya jicho na ubunifu yatafuata.

MWALIMU WA CHUO: Naunga mkono mada, na naanza na siku ya Idd. Baba amevaa kanzu nyeupe, mama amevaa buibui, watoto wako katikati. Kamera yoyote ya leo, iwe ya mamilioni au ya simu, ina kipimo cha mwanga ndani yake, na kwa asili kipimo hicho kinajua jambo moja tu: kwamba dunia yote ukiichanganya pamoja inatoa rangi ya kijivu cha katikati. Mlenge baba peke yake. Kipimo kitaona weupe umezidi, kitapunguza mwanga, kanzu itatoka ya kijivu na uso wa baba utakuwa mweusi kama chungu. Mlenge mama peke yake. Kitaona weusi umezidi, kitaongeza mwanga, buibui litapauka na uso wake utababuka. Hakuna jicho la kisanii litakalokuokoa hapo. Anayejua atapima uso, si nguo, na familia itapata picha ya kutundika sebuleni. Asiyejua atasema mwanga ulikuwa mbaya. Ndiyo maana wanafunzi wangu hawapigi picha ya kujieleza kwa wiki nne za mwanzo. Wanapiga yai juu ya karatasi nyeupe na mkaa juu ya kitambaa cheusi, mpaka yai libaki yai na mkaa ubaki mkaa.

MPIGAPICHA MSAFIRI: Hiyo ya Idd ni kweli tupu, Mwalimu, sina la kuipinga. Ninachopinga ni wiki nne. Nimezunguka na mkoba wa kamera miaka ishirini na mbili, kutoka Moroni mpaka Kigoma, na nimekutana na vijana waliotoka kwenye mafunzo ya namna hiyo. Wanakijua kila kitufe. Wapeleke sokoni: wanasimama wanahesabu namba, na wakimaliza kuhesabu, mama aliyekuwa anacheka na mteja wake ameshanyamaza. Mimi ufundi wa lazima niliupata kwenye karatasi iliyokuwa ndani ya boksi la mkanda. Jua kali, tundu la lenzi f/16, kasi ya shata ifuate namba ya mkanda: mkanda wa 100, moja ya mia ya sekunde. Ukiingia kivulini fungua hatua tatu. Basi. Hapo umeshaingia barabarani, na kilichobaki unafundishwa na watu.

Nikupe mfano wa Nungwi, ufukweni wanakounda majahazi. Siku ya kwanza nilipiga picha mia mbili za fundi mmoja akikalafati: pamba inachovywa mafuta, inasukumwa kwenye mwanya wa mbao kwa patasi butu na nyundo. Zote zilikuwa kali, mwanga umekaa sawasawa, na zote zingeweza kupigwa na mtu yeyote aliyeshuka kwenye basi asubuhi ile. Siku ya pili na ya tatu sikutoa kamera mkobani. Nilimshikia pamba. Siku ya nne ndipo nikaona kitu ambacho macho yangu yalikipita mara mia mbili: kila baada ya kugonga anainama, anasikiliza. Mwanya uliojaa anautambua kwa mlio. Picha niliyoipata siku ile, sikio lake likiwa shibiri moja kutoka kwenye ubao, ndiyo pekee katika kazi zangu ninayoweza kuiona nikiwa nimefumba macho. Hilo halimo kwenye kitabu cha kamera.

MWALIMU WA CHUO: Na ulipoliona sikio lile, mkono wako ulifanya nini?

MPIGAPICHA MSAFIRI: Sikumbuki.

MWALIMU WA CHUO: Hukumbuki kwa sababu mkono ulikuwa unajua. Fundi alikuwa kivulini mwa jahazi, bahari nyuma yake inawaka. Kamera ikiachiwa yenyewe ingepima bahari na kukupa kivuli cha mtu. Wewe ulifungua mwanga bila kufikiri. Unawaambia vijana wausahau ufundi, na wewe unao wa kusahau. Wao hawana.

MZEE WA STUDIO: Niwaombe radhi wote wawili, maana mnabishana wiki na siku. Mimi nilifagia studio ya fundi wangu miaka miwili kabla hajaniruhusu kuishika kamera. Kufagia, kubeba ndoo za maji ya kusuuzia picha, kuanika, kukata pembe. Nilipofungua studio yangu Tanga, Ngamiani, mwaka 1974, nilikuwa na Yashica moja ya lenzi mbili, na mkanda wake unatoa picha kumi na mbili. Kumi na mbili, na wateja mwisho wa mwezi wanashuka kutoka mashamba ya mkonge thelathini, arobaini, kila mmoja anataka ya kumpelekea mama yake. Kisha mwaka 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983, na mkanda uliokuwa unatufikia kwa njia ya Horohoro ukawa kitu cha kuulizia kwa kunong'ona. Mteja mmoja, picha moja. Ukikosea umekula hasara na umemkosesha mtu.

Sasa ubunifu mnaouzungumzia ulikuwa wapi? Ulikuwa kabla ya kubonyeza. Nilikuwa na koti moja, tai mbili, na saa ya mkononi isiyotembea. Mtu anaingia na vumbi la shamba, anavaa koti, anaketi kwenye stuli. Namwacha. Nazungumza naye habari za kwao, mvua imenyesha, mtoto anasoma. Hapo mabega yanashuka yenyewe. Na ile kamera huishikilii usoni kama mnavyofanya ninyi, unaishika tumboni na kuangalia chini kwenye kioo. Kwa hiyo kila mteja wangu, tajiri na kibarua, alipigwa picha na mtu aliyeinamisha kichwa mbele yake. Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Naamini ile kamera ilinifundisha zaidi ya fundi wangu.

MWANAFUNZI: Shikamoo, Mzee. Nimekusikia, na naomba niseme bila kukuvunjia heshima. Hiyo miaka miwili ya kufagia, mimi ningeipata kwa nani? Mama yangu alitamani kazi hii. Aliambiwa chumba cha giza si mahali pa mtoto wa kike, na hiyo ikawa basi. Mimi nimeingia kwa mlango mmoja tu, simu. Hakuna aliyenipa ruhusa na hakuna aliyeweza kuninyima. Na simu, Mwalimu, inautafuta uso yenyewe, inaupima yenyewe. Mwaka 2021 Google walipotoa Pixel 6 walisema wameirekebisha ili ngozi nyeusi itoke ilivyo. Lile yai na ule mkaa vimeshapigwa na injinia kwa niaba yangu. Nikikaa wiki nne kurudia kazi ya injinia, mtaa wangu ataupiga nani?

MWALIMU WA CHUO: Hapohapo, binti yangu. Umesema "kwa niaba yangu". Jiulize ilikuwaje mpaka 2021 bado kukawa na haja ya kurekebisha. Kodak walikuwa wakizipelekea maabara za kusafisha picha kadi ya kulinganishia rangi, na kwenye kadi hiyo kulikuwa na mwanamke Mzungu. Mafundi waliziita kadi za Shirley. Fundi wa maabara alirekebisha mashine mpaka ngozi ya yule mama itoke vizuri, kisha akasafisha picha za watu wote kwa kipimo hicho. Ndiyo maana zile picha za rangi za shuleni, za watoto weupe na weusi pamoja, mtoto mweusi alibaki macho na meno. Jua lilikuwa halina kosa, na sura ya mtoto haikuwa na kosa. Kuna mtu aliamua uso upi ndio uso. Leo uamuzi huo uko ndani ya simu yako, na kesho wataubadilisha kwa programu mpya usiku ukiwa umelala. Anayejua kupima mwanga anaweza kukataa. Asiyejua anapokea.

MWANAFUNZI: Mwalimu, nimekaa darasani kwako muhula mzima. Mbona hili nalisikia leo?

MWALIMU WA CHUO: Limo kwenye mtaala. Wiki ya kumi na moja.

MWANAFUNZI: Wiki ya kumi na moja tulikuwa saba. Tulianza ishirini na mmoja. Kumi na wanne waliondoka wakiamini kwamba f/8 ni namba tu, kama namba za hesabu, haina mwenyewe. Ungetuambia siku ya kwanza kwamba kipimo kilichomo ndani ya kamera kina historia, na kwamba sura zetu zilikuwa nje ya historia hiyo, lile yai tungelipiga kwa hasira na tungelipiga vizuri. Sisemi ufundi hauna maana. Nasema uliutenganisha na sababu yake.

MWALIMU WA CHUO: Nalipokea hilo. Linaniuma, lakini nalipokea. Hata hivyo kubadilisha mpangilio wa wiki si kuufuta ufundi.

MPIGAPICHA MSAFIRI: Lakini ona wanaotajwa kila siku kwenye fani hii, wangapi walipitia mpangilio wa wiki? Seydou Keïta wa Bamako alikuwa seremala. Mwaka 1935 jamaa yake alimletea kamera ndogo ya Kodak Brownie kutoka Senegal, na 1948 akafungua studio ambayo leo majumba ya makumbusho yanaitukuza. Sebastião Salgado wa Brazili alisomea uchumi. Alikuwa anatumwa Afrika kwa kazi ya Shirika la Kimataifa la Kahawa, akachukua kamera ya mkewe, na 1973 akaacha uchumi moja kwa moja. Henri Cartier-Bresson aliguswa na picha moja tu, ile ya Martin Munkácsi, wavulana watatu wakikimbilia majini. Picha moja! Akatoka nayo barabarani. Hao wote walifundishwa na njia.

MWALIMU WA CHUO: Umewataja watatu, na wote watatu ni mashahidi wangu. Keïta alifundishwa kusafisha picha na Mountaga Dembélé, ambaye alikuwa mwalimu wa shule na mpigapicha, na alikuwa akienda kwenye duka la vifaa vya picha la Pierre Garnier mjini Bamako. Cartier-Bresson kabla ya picha ya Munkácsi alishakaa darasani Paris kwa mchoraji André Lhote, akifundishwa kupanga mistari na maumbo ndani ya fremu. Salgado je? Miaka yote ile ya uchumi ilimfundisha kazi ya mikono ni nini na faida inakwenda wapi. Fungua kitabu chake cha wafanyakazi cha 1993 utauona uchumi umekaa kwenye kila ukurasa. Mnapenda kusema mtu alijifunza mwenyewe. Chunguza kidogo, utamkuta mwalimu amekaa pembeni na jina lake halisomwi.

Na wale wasio na Dembélé? Mwaka 1989 David Goldblatt alianzisha Market Photo Workshop Johannesburg, ubaguzi ukiwa bado ni sheria, ili kijana ambaye vyuo vilimfungia mlango apate pa kujifunza. Zanele Muholi alipita pale. Kwa mtu wa namna hiyo darasa ndiyo njia yenyewe. Hana tiketi ya kwenda Moroni.

MPIGAPICHA MSAFIRI: Nami nafundisha, Mwalimu. Naendesha warsha.

MWALIMU WA CHUO: Najua. Za siku tatu. Unawachukua vijana ufukweni saa kumi na mbili jioni, mnapiga ngalawa mbele ya jua linalozama, kila mmoja anarudi na picha nzuri na cheti. Jumatatu wananirudia mimi. Mmoja wao nilimtuma akapige mashine ya kusaga ya mtaani kwao, saa saba mchana. Akarudi mikono mitupu, akaniambia hakukuwa na mwanga. Saa saba, Tanzania, hakuna mwanga! Unga unaelea mlangoni, jua limekata sakafu vipande viwili, mwenye mashine nyusi zake nyeupe. Alikuwa ameshafundishwa kwamba uzuri una saa yake na saa hiyo imepita.

MPIGAPICHA MSAFIRI: Hilo nalibeba nusu yake. Anayelipia warsha anataka kurudi na kitu cha kuonyesha, na machweo hayamwangushi mtu. Nilishawahi kuwapa siku tatu bila kamera kabla ya saa tisa. Wawili waliaga siku ya pili. Lakini kipo kitu kinachoweza kufundishwa ndani ya siku tatu na chuo chako hakikigusi. Kumwendea mtu usiyemjua. Kuanza na salamu, kukubali kuitwa ukae, kunywa kahawa uliyopewa hata kama mwanga unakimbia, kukubali kukataliwa na usikasirike. Nimewaona wahitimu wenye vyeti vya miaka miwili wanapiga watu kwa lenzi ndefu kutoka ng'ambo ya barabara kama wanawinda. Ufundi wao hauna kasoro. Wanaogopa watu.

MWANAFUNZI: Hapo kwenye salamu ndipo ninapotaka kusema, Kaka. Shangazi yangu anauza vitumbua kituo cha basi. Anaamka saa tisa usiku kusaga mchele. Alipigwa picha: moshi umepanda, jua la asubuhi linapenya kwenye moshi, ameinama juu ya chuma cha vitumbua, tone la mafuta liko hewani. Tone liko hewani kabisa, limegandishwa. Tuliiona picha hiyo kwenye kalenda ya taasisi moja, mwezi wa Agosti, imetundikwa ofisini nilipokwenda kugonga muhuri. Chini yake pameandikwa kwamba ni mwanamke wa Kiafrika akitafuta riziki.

Ni picha nzuri. Hicho ndicho kinachoniuma. Kila anachofundisha Mwalimu kimo: uso umepimwa, moshi haukuubabua, shata ni ya kasi. Na kila anachosema Kaka kimo: shangazi anakumbuka yule mpigapicha alisalimia vizuri, alikaa karibu asubuhi nzima, alinunua vitumbua sita na akavila palepale. Ufundi upo. Jicho lipo. Subira ipo. Jina halipo. Mnashindana ni kipi kianze kufundishwa, na shangazi yangu hayumo katika vyote viwili.

MPIGAPICHA MSAFIRI: Sikumpiga mimi. Lakini ningeweza kuwa mimi.

MWANAFUNZI: Wale wavulana watatu wa Munkácsi waliomtoa Cartier-Bresson nyumbani, ni akina nani?

MPIGAPICHA MSAFIRI: Hawajulikani. Picha ni ya mwaka 1930 au karibu na hapo.

MWANAFUNZI: Na wapi?

MPIGAPICHA MSAFIRI: Kwa miaka mingi imeitwa picha ya Ziwa Tanganyika. Wapo wanaosema ni Liberia.

MWANAFUNZI: Kigoma na Liberia, Kaka. Bara zima liko katikati. Na huyo fundi wa Nungwi, uliyemshikia pamba siku mbili, anaitwa nani?

MPIGAPICHA MSAFIRI: Kila mtu alikuwa anamwita Fundi. Nami nikamwita Fundi.

MZEE WA STUDIO: Siku nne.

MPIGAPICHA MSAFIRI: Siku nne, Mzee wangu. Sina pa kujificha hapo. Ila naomba nisikilizwe na upande wa pili, maana jina nalo si dawa ya kila kitu. Nimepiga picha kambi za wakimbizi Kigoma. Mama ananiambia, mwanangu, picha piga, jina usiandike, waliotufukuza wanasoma. Ningeandika ningekuwa nimemtendea haki au nimemuuza? Na yule msichana wa Kiafghani aliyepigwa picha na Steve McCurry mwaka 1984 kwenye kambi ya wakimbizi Pakistan, akatokea kwenye jalada la National Geographic la Juni 1985. Miaka kumi na saba dunia ilimjua kwa macho tu. Mwaka 2002 wakamtafuta, wakampata, Sharbat Gula. Mwaka 2016 akakamatwa Peshawar kwa shauri la kitambulisho, akarudishwa Afghanistan, na habari ikaenda ulimwengu mzima kwa sababu jina na sura vilikuwa vimeshaunganishwa. Mtu mwingine angepita kimya. Kwa hiyo nikisema nitawafundisha vijana waandike jina kila mara, nitakuwa nimewapa kanuni nyingine ya f/16. Inafaa juani. Kivulini itaua mtu.

MWANAFUNZI: Yule mama wa kambini alikuambia usiandike. Alichagua mwenyewe. Shangazi yangu hakuulizwa.

MPIGAPICHA MSAFIRI: Hakuulizwa. Kweli.

MWALIMU WA CHUO: Basi hili nalo ni ufundi, na linafundishika. Kuuliza, kuandika, kuhakikisha mahali, kumsomea mtu maelezo ya picha yake kabla hayajachapishwa. Naweza kuliingiza wiki ya kwanza, pamoja na yai.

MWANAFUNZI: Ukiliingiza kama zoezi la kupata maksi, Mwalimu, watajaza fomu. Jina, umri, sahihi. Yule wa kalenda nina hakika alikuwa na fomu yake.

MZEE WA STUDIO: Mimi nilikuwa na daftari. Nisiwadanganye, sikuandika majina kwa sababu ya heshima. Niliandika ili nijue nani amelipa na nani bado. Namba ya negativu, jina, anatoka wapi, ametanguliza shilingi ngapi, picha achukue lini. Watu wa mkonge, wa reli, wa bandari, wote wamo. Nina madaftari kumi na tisa. Mwaka jana alikuja mama mmoja mtu mzima, hajawahi kumwona baba yake. Baba alikufa yeye akiwa tumboni. Alichojua ni kwamba baba alifanya kazi mashambani na alipiga picha Ngamiani. Akanipa jina. Tukakaa na madaftari kuanzia saa nne mpaka adhuhuri. Tukampata. Amevaa koti langu.

Mama yule hakuniuliza nilipiga kwa tundu gani wala kama nina kipaji. Aliiweka ile negativu kwenye dirisha akasimama. Sikujua nimsaidie nini.

MWALIMU WA CHUO: Mzee, hizo negativu ziko wapi sasa?

MZEE WA STUDIO: Kwenye masanduku ya mbao, chumba cha nyuma. Hewa ya Tanga mnaijua. Nyingine zimeota kuvu kama buibui ametandaza utando. Nyingine zinanuka siki. Ukifungua sanduku pua inawasha. Hizo za siki zinajikunja, na ikishafika kujikunja hairudi.

MWALIMU WA CHUO: Ile siki ni filamu yenyewe inaoza, na gesi yake inaozesha za jirani. Zitenganishwe leo, si kesho, na zikae mahali pakavu. Chuo kina skana. Nipe nafasi niandae vijana kwanza, wiki mbili tu, jinsi ya kushika, jinsi ya kusafisha vumbi, jinsi ya kuhifadhi. Mtu asiyefundishwa ataziharibu zaidi kwa siku moja kuliko kuvu kwa miaka kumi.

MPIGAPICHA MSAFIRI: Wiki mbili za kujiandaa na siki inaendelea kula. Waende sasa, wajifunze hukohuko mbele ya Mzee. Mimi niko tayari kufuta safari ya mwezi huu nikashike kazi ya kubeba masanduku.

MWALIMU WA CHUO: Na ukiharibu sanduku la kwanza wakati unajifunza, utamwambia nini binti wa mtu atakayekuja na jina?

MWANAFUNZI: Mzee, Jumamosi uko nyumbani?

MZEE WA STUDIO: Nipo. Njoo asubuhi kabla joto halijapanda, na usipake mafuta mikononi. Hata ukinawa, vidole vina mafuta yake. Negativu inashikwa pembeni, kwa ncha za vidole viwili, hivi, usiiguse katikati hata kidogo. Kisha unaielekeza dirishani. Mwanzo itakuchanganya, maana kila kitu kimegeuka, nyeusi ni nyeupe na nyeupe ni nyeusi. Ukiona kanzu nyeusi tii na juu yake uso unaong'aa, huyo ni mtu wetu. Unatafuta namba niliyoandika ukingoni kwa kalamu, halafu ndiyo unakwenda kwenye daftari.

MWANAFUNZI: Na ikiwa namba imeshaliwa na kuvu?

MZEE WA STUDIO: Basi tunaisafisha picha, tunatembea nayo mtaani. Tunaanza Barabara ya Kwanza, tunabisha hodi, tunauliza.